Shemeji Kwenye Mizani

Bariadi,
24 Juni 1995

Kwako shemeji Anatoli,

Mwadila. Na kama barua imekufikia asubuhi, basi mwangaluka. Anayeileta ni Kija muuza mikate, kwa hiyo ikinukia siagi usidhani nimeanza kuishi vizuri.

Kwanza pongezi. Nimesikia kituo chako cha kununulia pamba kinafunguliwa hapo Migato, na umepewa mizani mpya ya kuning'iniza, ghala la mabati na koti la kampuni. Dada yangu Eufrasia ameniletea habari kwamba koti linakubana vifungoni. Nikamwambia asiilaumu kampuni. Hawa watu binafsi bado ni wageni, hawajui ukubwa wa makarani wa zamani wa ushirika.

Mimi nipo na banda langu la video. Unakumbuka miaka ile ya gari la sinema la serikali, mimi ndiye niliyekuwa kwenye kipaza sauti. Niliwahutubia watu kuhusu matuta ya kuzuia mmomonyoko, choo bora na dawa ya funza wa pamba. Walikaa kwenye nyasi wakanisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda nyumbani kufanya vilevile walivyokuwa wakifanya. Serikali ikaligundua hilo, ikanipunguza kazini. Sasa nina televisheni moja, deki moja, jenereta yenye kikohozi, na mke wangu Domitila mlangoni anakata tiketi. Mimi nasimama pembeni ya kioo natafsiri, Kiswahili kwa wa mjini na Kisukuma kwa wa vijijini. Kichina sikijui. Kihindi sikijui. Kiingereza nakijua mpaka pale mtu anapoanza kukiongea. Lakini watu hawalipi kiingilio kusikia lugha, wanalipa wajue nani mwizi.

Na katika kukaa na hizi picha nimeigundua siasa yake. Za Wamarekani ni soko huria tupu: mtu mmoja, hana kamati, hana kikao, hana mwenyekiti, anamaliza maadui wote na nywele hazijavurugika. Za Wachina ni elimu ya kujitegemea: kijana anapigwa, anapanda mlimani kwa mwalimu, anachoteshwa maji mpaka anakomaa, anarudi kuwapiga waliompiga. Za Wahindi ndizo ujamaa wenyewe. Zikifika mwisho kila mtu anagundua ni ndugu, pamoja na jambazi, halafu wanaimba. Na kwa kuwa mwaka huu tunapiga kura ya vyama vingi, kila chama kinanijia na madai kwamba stelingi ni mtu wao. Ninawajibu wote ndiyo. Hakuna chama kilichowahi kunidai jambazi.

Sasa sikia. Nimepata mkanda mpya wa Kihindi. Katikati anatokea mzee mnene, masharubu, tumbo kama la mtu ninayemfahamu. Kijiji kizima kimemzunguka, wanamkalisha kwenye mizani kubwa ya sahani mbili. Nikajiuliza, mtu mnene, mizani, wakulima: hapo kuna habari gani nyingine zaidi ya ununuzi wa pamba? Nikatafsiri: "Huyu ni mnunuzi. Wakulima wamemshtukia. Wanamwambia, mzee, kabla hujapima pamba yetu tukupime wewe. Uzito wako tunaujua. Mizani ikikupunguza wewe, na sisi itatupunguza." Yule mnene akaanza kulia. Nikasema: "Anajitetea kwamba kilo zimepungua kwa sababu alikuwa anaumwa. Lakini wapi."

Shemeji, banda zima lilisimama. Walikuwepo watu wa kwenu Migato waliokuja gulioni, na yule mama yetu, mayu Nyanjige, mwenye shamba kubwa la pamba alinilazimisha nirudishe mkanda nyuma auone vizuri. Miaka yote ile ya choo bora hakuna aliyewahi kuniambia rudia.

Ukija mjini utaingia bure. Domitila halijui hilo, usilitaje mlangoni.

Wako,
Mabula Shigela


Migato,
2 Julai 1995

Kwa Ndugu Mabula Shigela,
Banda la Video, Bariadi

YAH: KUPIMWA KILA ASUBUHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shemeji, nakuarifu kwamba siku niliyofungua kituo nilikuta watu wamekwisha kujipanga. Nilifurahi. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu bei na usafi wa pamba. Kabla sijaianza, mayu Nyanjige alitoka mbele akaniita mwanangu: "Ng'wanawane, hotuba baadaye. Panda."

Nikauliza nipande wapi. Wakaonyesha mizani.

Nilidhani ni utani, nami sitaki kuonekana mtu wa kununa siku ya kwanza. Wakanikalisha kwenye turubai la kubebea pamba, wakaninyanyua mpaka kwenye ndoano, nikawa nang'inia pale na koti la kampuni. Kilo tisini na mbili. Wakapiga makofi. Mayu Nyanjige akanipitisha mkono begani kama anavyokagua pamba, akatangaza: "Fifi. Ina majani mengi." Unajua fifi ni daraja la pili, chini ya safi, ile pamba yenye takataka. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Tangu hapo hakuna siku nimefungua kituo bila kuning'inia kwanza. Sitaki kukudanganya, pamba inakuja. Wengine wanatoka hadi Zagayu, wanasema wamesikia kuna mizani inayompima mwenye nayo. Lakini nina umri wangu na nina heshima yangu, na watoto wa shule wamegeuza njia ili wapite hapa.

Naomba pia kutofautiana nawe kisiasa. Picha zako zinawafundisha watu kwamba kila mwenye tumbo ni adui. Tumbo langu nililipata wakati wa ushirika, kwa ugali wa dada yako. Halihusiani kabisa na mageuzi ya uchumi. Wewe unasema stelingi wa Kimarekani ndiye soko huria. Mimi naona ni mtumishi asiyefuata taratibu.

Jambo la muhimu: lori la kampuni linakuja tarehe 2 Agosti. Meneja ameniambia ghala likiwa limejaa, kituo kitabaki Migato kila msimu. Lisipojaa kitahamishwa, watu hapa watarudi kusafirisha pamba kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi Bariadi, nami nitarudi kuishi kwa baba yangu kule Kimali na kuchunga ng'ombe ambao hawanipendi. Kwa hiyo nakuomba, tafsiri kitu kingine.

Nina mafua kidogo, si kitu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Anatoli Mhoja


Migato,
9 Julai 1995

Kaka Mabula,

Shikamoo. Anatoli hajui kwamba naandika, na ukimjibu usionyeshe kwamba unajua.

Si mafua. Ni malaria, imemlaza wiki nzima. Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinasogea. Alikuwa hali kitu, uji nampa kwa kijiko anageuza uso. Alhamisi homa ikashuka, akasema lazima aende kituoni, lori halitasubiri. Nikamwambia pumzika. Akavaa koti. Mara ya kwanza limefunga vizuri, akafurahi.

Wakamning'iniza. Themanini na saba.

Kaka, hakuna aliyepiga makofi. Mayu Nyanjige akasogea akasoma mwenyewe, akarudi nyuma akasoma tena. "Kilo nyingine zimekwenda wapi, ng'wanawane?"

Anatoli akasema, "Mayu, nilikuwa naumwa."

Watu wote wakaguna kwa pamoja. Mama mmoja akasema, "Na yule wa kwenye picha alisema hivyohivyo." Maneno uliyatia wewe mdomoni mwa yule Mhindi, na mume wangu ameyatamka kama aliyefundishwa.

Wakafunga mizigo yao wakaondoka. Hawakutukana, hawakupiga kelele. Mayu Nyanjige aliaga vizuri kabisa, akaniuliza hata mbuzi wangu aliyezaa anaendeleaje. Ila pamba akaondoka nayo. Tangu siku hiyo ghala lipo nusu na hakuna anayekuja. Anatoli anakaa kituoni peke yake na koti lake, anasugua mizani kwa kitambaa.

Atakuandikia kwamba mambo ni mazuri. Usimwamini. Wewe ndiye uliyeanzisha, tafuta namna.

Msalimie wifi Domitila, mwambie yeye ndiye mwenye akili hapo kwenu.

Mdogo wako,
Eufrasia


Migato,
10 Julai 1995

YAH: MAENDELEO YA KITUO

Shemeji, huku mambo ni mazuri. Pamba inakuja. Sina la kuongeza.

A. Mhoja


Bariadi,
15 Julai 1995

Eufrasia mdogo wangu,

Marahaba. Nimepokea barua mbili kutoka nyumba moja, na mtu angezisoma angedhani mnaishi nchi tofauti. Ya mumeo ina maneno machache sana, hapo ndipo nilipoogopa. Anatoli akiwa na furaha anajaza kurasa.

Nimekaa nikafikiri. Domitila ananiambia nisifikiri sana, ndivyo tulivyofika hapa. Lakini nina mawazo mawili, na moja nimekwisha kulijaribu.

Hili nililolijaribu lilikuwa hivi. Nilisema, kama picha ndiyo iliyomharibia, picha itamtengeneza. Leo Jumamosi, siku ya gulio, nikaweka mkanda wa Kimarekani. Mwanzoni kabisa akatokea mtu mmoja mwenye kipara, suti nyeupe, gari zuri, anatabasamu. Nikasema huyu ananifaa. Nikawatangazia: "Huyu, mabibi na mabwana, ni mnunuzi wa pamba wa siku hizi. Mkweli. Analipa taslimu. Ameondoka kwenye ushirika kwa heshima." Watu wakampenda. Mzee mmoja alimbariki.

Tulipofika katikati, mwenye kipara akawasha kiberiti akachoma kijiji.

Ningefanya nini? Kipaza sauti kiko mdomoni, moto uko kwenye kioo. Nikasema, "Anachoma mabua, anatayarisha mashamba kwa msimu ujao." Hapo akampiga risasi mama wa stelingi. Nikasema, "Ni ajali ya kazi." Shigela, baba yetu, alikuwa benchi la mbele. Alisimama, akaweka kofia yake kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Nilikusomesha." Akatoka. Wengine wakamfuata mpaka kwa Domitila wakidai kiingilio chao.

Kwa hiyo wazo hilo tuliache.

La pili ni rahisi zaidi. Dukani kuna mifuko ya sukari ya kilo hamsini, imeshonwa kiwandani. Chukueni mmoja, uningʼinizeni mbele yao. Mizani ikisema hamsini, kesi imekwisha.

Kaka yako anayejitahidi,
Mabula


Migato,
19 Julai 1995

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea jikoni, nimecheka mpaka mboga ikaungua. Baba amerudi huku kwake jana, amesema hana mtoto Bariadi.

Sukari tuliining'iniza. Ikasema hamsini sawasawa. Anatoli akainua mikono kama refa. Mayu Nyanjige akautazama ule mfuko muda mrefu. "Sukari hii imetoka wapi?" Mwanza. "Na mizani?" Mwanza. "Zilikuja na lori moja?" Anatoli, kwa sababu hajui kunyamaza, akasema ndiyo. "Basi zinajuana," akasema mayu. "Zitateteana." Watu wakaona ni kweli. Miaka mingi wameambiwa mambo yaliyotoka mjini, kaka, sasa wakiambiwa hata sukari wanataka waulize ilizaliwa kwa nani.

Lakini usikate tamaa, maana nimekwenda kwake. Nilimkuta amekaa juu ya pamba. Nyumba nzima imejaa, wajukuu wanalala juu yake, kuku anatagia humo. Nikamwambia, mayu, wewe mwenyewe unataka kuuza. Akasema, "Nataka sana. Nani anataka kukokota hii hadi Bariadi? Nami huyo mumeo simchukii, ana uso wa mtu asiyejua kuiba. Lakini mnunuzi wa kwanza mwaka jana naye alikuwa na uso huo, na pamba yetu ikawa inayeyuka njiani kutoka mlangoni hadi kwenye ndoano."

Tukakaa. Akamenya karanga. Halafu akasema jambo ambalo wewe na kipaza sauti chako msingelifikia.

"Anasema aliumwa. Mtu aliyeumwa akilishwa, mwili unarudi. Mizani iliyoumwa haishibi. Tumlisheni. Kilo zikirudi, mizani ni nzima na mwanaume alisema kweli. Akila na kilo zisirudi, tumejua."

Tumeanza tangu juzi. Kila nyumba ina zamu. Asubuhi maziwa ya mgando, saa nne matobolwa, vile viazi vikavu, na karanga, mchana kuku, jioni wali na kuku mwingine. Mayu Nyanjige anasimamia kwa macho makali kuliko bwana shamba. Amepiga marufuku Anatoli kutembea hadi kituoni, anapelekwa kwa baiskeli asipoteze kitu njiani.

Yeye hajui. Anadhani wanamjulia hali. Nimeona nisimwambie, maana akijua ataanza kula kwa utaratibu.

Eufrasia


Migato,
24 Julai 1995

Shemeji Mabula,

Barua hii haina YAH, utanisamehe.

Nilikuficha jambo. Niliumwa sana, na baada ya hapo watu wakaacha kuniletea pamba, kwa sababu ambazo sasa sitaki kuzirudia. Nilijiona nimekwisha. Nilianza hata kumwandikia baba kuhusu ng'ombe.

Lakini nataka nikwambie kuhusu watu wa Migato. Sijawahi kuona upendo kama huu. Wanakuja kuniona mara nne kwa siku. Hawaji mikono mitupu. Mama mmoja ambaye hata jina sikulijua ameleta kuku, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, akaondoka anatabasamu. Mayu Nyanjige mwenyewe, niliyemdhania vibaya, ananishika mkono juu ya kiwiko, anabonyeza, anasema "bado kidogo". Nadhani anamaanisha afya. Jana nilitaka kumwachia mtoto mmoja paja la kuku, wakamfukuza yule mtoto.

Jambo moja tu silielewi. Pamba hawaleti. Nakula kuku wa mtu asubuhi, nikimuuliza habari za pamba yake anatazama kando. Nimeshindwa kuipata siasa ya hapa. Pengine ni uchaguzi.

Hata hivyo nimeamua: kama kituo kitafungwa na kifungwe, nitaondoka Migato nikijua nilipendwa. Koti limeanza tena kubana.

Ndugu yako,
Anatoli


Bariadi,
26 Julai 1995

Shemeji Anatoli,

Nimeisoma barua yako nikaacha kula. Domitila akauliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna mtu ana furaha, na mimi ndiye niliyemfikisha karibu na kulia. Endelea kula, shemeji. Nakusihi kama mkubwa wako. Usiulize swali lolote, kula.

Sasa nina habari, na kwa kuwa itaniumbua, naiandika haraka.

Domitila amechoka kunisikia najisifu kuhusu ule mkanda wa Kihindi. Jana akaenda kwa yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitenge karibu na stendi, akamwalika bila kunishirikisha. Mama akaja, akaketi, mimi nikashika kipaza sauti kama kawaida. Tukafika kwenye ile mizani. Nikaanza: "Huyu ni mnunuzi, wakulima wamemshtukia..."

Yule mama alicheka, shemeji. Kwanza kwa adabu, kwa upindo wa sari. Halafu adabu ikamwisha. Domitila akanizimia jenereta, mama akafuta macho akatueleza.

Yule mzee si mnunuzi. Hauzi wala hanunui kitu. Ni mzee anayependwa na kijiji chake, aliwachimbia kisima. Kwao, mtu wakimpenda sana, humkalisha upande mmoja wa mizani, upande wa pili wanaweka sukari, nafaka, vitu vitamu, mpaka pande zote zinalingana. Halafu vile vitu wanawagawia watoto na wasio na kitu. Kadiri mtu alivyo mnene, ndivyo watoto wanavyofaidi. Yule mzee hakulia kwa sababu ya kukamatwa. Alilia kwa heshima aliyopewa.

Nami nikamfanya mwizi, na kwa mkono huohuo nikakufanya na wewe.

Nimekaa na hizi picha nikadhani nazisoma siasa zake. Kumbe nilikuwa najisomea mwenyewe, na kilo zilizoyeyuka mwaka jana, na ule ushirika uliotuchelewesha malipo. Mtu ukiwa umeibiwa, shemeji, kila mwenye mizani unamwona mwizi, hata akiwa Bombay.

Jumamosi nakuja Migato na jenereta, deki na televisheni kwenye mkokoteni. Tutatumia ghala lako, tufunge mlango kwa turubai ili kioo kionekane mchana. Nitaonyesha mkanda uleule kwa maneno yake mwenyewe, na nitaomba radhi kwa kipaza sauti. Kiingilio bure. Hilo Domitila analijua, ndiye aliyeamua.

Mabula


Migato,
3 Agosti 1995

Kwa Ndugu Mabula Shigela,
Banda la Video, Bariadi

YAH: DARAJA LA MNUNUZI

Shemeji, Jumapili uliondoka mapema kuwahi banda lako, kwa hiyo ya Jumatatu hukuyaona. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo, kwa sababu kila gunia, kila kiti na kila turubai la kituo hiki limekwenda Mwanza na pamba.

Unajua walivyokusikiliza Jumamosi. Uliposema "nilikosea", walikaa kimya, nikadhani wamekasirika. Baadaye mayu Nyanjige aliniambia hakuwahi kumsikia mtu mwenye kipaza sauti akisema neno hilo, walikuwa wanasubiri kuona kama utalirudia. Uliporudia ndipo walipopiga makofi. Nami nilitazama ile picha kwa mara ya kwanza. Yule mzee kweli anafanana nami, isipokuwa masharubu.

Jumatatu asubuhi nilifungua kituo nikakuta Migato nzima, na baba yenu Shigela mbele na kofia yake. Hakuna aliyekuja na pamba. Mayu akasema, "Panda, ng'wanawane. Mara ya mwisho."

Nikapanda. Tisini na nne.

Hapo ndipo Eufrasia aliponong'oneza kwamba wiki mbili zote nilikuwa nanoneshwa. Nikiwa nang'inia pale, shemeji. Nilitaka kununa. Nikakumbuka wale kuku, nikashindwa.

Sasa walio nyuma wakaanza kuhesabu upya. Alikuwa tisini na mbili, sasa ni tisini na nne. Mmoja akasema, "Mizani imegeuka. Inatuzidishia." Mwingine, "Twendeni kabla haijashtuka." Mbio zikaanza, watu wanakimbilia nyumbani kuleta pamba, wengine wanapita dirishani kuiokoa chini ya wajukuu. Mimi nikapaza sauti nikiwa bado kwenye ndoano: jamani, mizani haijazidi, nimezidi mimi. Nikawaambia ukweli mara mbili. Hakuna aliyesimama, isipokuwa mayu Nyanjige.

"Najua," akasema. "Kuku wangu wawili wamo humo. Nitawaeleza wakishafika. Waache wakimbie, watafika mapema."

Na kweli aliwaeleza. Walisimama na mizigo vichwani, wanahema, wanamsikiliza. Mtu amerudi, mizani ni nzima, haipunguzi wala haizidishi. Wakatazamana. Baba yenu akasema, "Basi na tukishafika tumefika," akaweka gunia lake kwenye turubai, la kwanza.

Nimepima siku hiyo na iliyofuata bila kukaa. Mayu alileta ya nyumba nzima, na yai moja ndani yake. Lakini kabla ya kuleta yake alikwenda kukusanya matobolwa na karanga kila mlango. Wakavining'iniza kwenye ndoano ileile mpaka ikasoma tisini na nne, wakavipeleka shuleni. Watoto walikula siku nzima. Mwalimu mkuu ameniuliza kama naweza kunenepa zaidi kufikia msimu ujao.

Lori lilifika jana. Meneja aliingia ghalani akatoka, akaingia tena. Akasema kituo kinabaki. Akauliza nimewafanyia nini watu hawa. Nikamwambia ni habari ndefu, kuna shemeji yangu mmoja Bariadi ambaye hajui Kihindi.

Wakati wa kupakia, nilisimama kando ya lori na koti langu, ambalo kifungo cha katikati kimeruka na hakijapatikana. Mayu Nyanjige akanijia. Akanipitisha mkono begani taratibu, akabonyeza, akachomoa uzi mmoja wa pamba kwenye ukosi wangu akautupa. Nikasubiri. Watu wote wakasubiri.

"Safi," akasema, kisha akawageukia vijana wa lori. "Pakieni."

Wawili walikwishanishika miguu.

Anatoli Mhoja